Aliyepata Kiti cha Mwisho

Leo naongea na mzazi wa huku kwetu Mlima Kenya ambaye mtoto wake ameshatoka kidato cha nne na karatasi ya matokeo ya KCSE imo kabatini. Naongea na huyo mtoto pia, kama ameiweka simu chini.

Ujumbe ninaoupokea kuliko mwingine wowote msimu huu huwa hivi: "Mwanangu ana B. Uhandisi pale Dedan Kimathi wanataka ngapi?" Mzazi hangoji ila nambari moja, ile tunayoiita katofu. Akiipata atailinganisha na ile B, kisha alale usingizi au akose usingizi. Tatizo ni kwamba B hiyo haimwambii mengi kuhusu uhandisi, na chuo hakikukaa kikao kikaamua kwamba kinataka ngapi. Nivumilie nieleze, maana hapa ndipo pesa za watu hupotea, na wakati mwingine mtoto mwenyewe pia.

Sisi wazazi tuna neno moja, kufuzu, na ndani yake tumefunga mambo matatu yasiyofanana. Kuna gredi ya wastani, ile inayoimbwa Januari huku mwalimu mkuu akibebwa juujuu uwanjani. Kuna masharti ya somo mojamoja. Halafu kuna pointi za klasta. Mtoto anaweza kupita la kwanza kwa mbwembwe akakwama kwenye la pili, na karamu mmeshafanya.

Gredi ya wastani haina ugumu. A ni pointi 12, unashuka moja moja hadi E ambayo ni pointi 1. Masomo saba mara 12 ni 84, na hicho ndicho kilele. Mwenye pointi 46 hadi 52 amepata C+, na C+ ndiyo kizingiti cha shahada nchini Kenya. Chini yake diploma inaanzia C-, cheti kinaanzia D, na kozi za ufundi stadi zinawapokea hata walio chini ya hapo. Tangu KCSE ya mwaka 2023 hesabu yenyewe ilibadilishwa: Hisabati lazima ihesabiwe, lugha moja lazima ihesabiwe, kisha yanachukuliwa matano mengine ambayo mtoto amefanya vyema zaidi. Zamani mtu aliyelemewa na lugha moja alikokotwa nayo hadi mwisho. Siku hizi anaweza kuiacha nje ya hesabu ya wastani. Nimesema hesabu ya wastani, na hapo pana mtego ambao nitaurudia.

Wazazi wenye umri wangu tunabeba kumbukumbu nyingine kabisa, na kumbukumbu hiyo inatupotosha. Enzi za JAB, ile bodi ya pamoja iliyokuwa ikiteua wanafunzi wa vyuo vya umma, C+ ilikuwa tunu isiyo na kazi. Vitanda vya mabweni vyuoni vilikuwa vichache. Bodi ilihesabu nafasi, ikashuka na orodha hadi nafasi zikaisha, na aliyekuwa na C+ aliambiwa amefuzu lakini hakuitwa. Wengi tuliozaliwa huku tunamjua kaka au dada aliyekuwa na B- akabaki nyumbani akichuma majani chai. Wasichana walipunguziwa kidogo, pointi moja au mbili, ili nao waonekane darasani. Ndipo mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofungua masomo ya kujilipia, tukayaita paralelo, na mashamba yakaanza kubadilisha wenyewe.

Kisha mambo yakapinduka. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliiondoa JAB ikaleta KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo na kozi. Mwaka 2016, mtihani ulipobanwa dhidi ya wizi, waliopata A nchi nzima walikuwa 141 pekee, ilhali mwaka uliotangulia walizidi 2,600. Waliopata C+ na zaidi walikuwa 88,929. Mwaka 2017 wakashuka hadi 70,073. Ghafla vyuo vilikuwa na viti vingi kuliko watu wa kuvikalia, na kila mwenye C+ aliyeomba akawa na mahali pa kuwekwa. Paralelo ikanyauka. Tangu hapo idadi imepanda tena: katika KCSE ya 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ na zaidi, karibu robo ya wote. Kwa hivyo mama anayemwambia bintiye kwamba "C+ haikupeleki popote" anakumbuka vizuri kabisa, ila anakumbuka nchi ya mwaka 1995. Leo C+ inakupeleka chuoni. Swali lililobaki ni inakupeleka kwenye kozi gani, na hapo gredi ya wastani inanyamaza.

Tuje kwenye masharti ya somo. Chukua sheria. Anayetaka kusomea uwakili anatakiwa awe na C+ ya wastani, na awe na B katika Kiingereza au Kiswahili. Sikieni hilo "au" vizuri, ninyi mnaowaambia watoto Kiswahili ni somo la kujazia karatasi. B ya Kiswahili inafungua mlango wa sheria sawa na B ya Kiingereza. Mwenye A- ya wastani ambaye lugha zote mbili ametoka na B- hatasoma sheria mwaka huu, na wa C+ mwenye B ya Kiswahili ana haki ya kuomba. Uhandisi unataka C+ katika Hisabati, Fizikia na Kemia, kila moja peke yake. Anayetaka udaktari hutazamwa Biolojia na Kemia, kisha Hisabati au Fizikia, na lugha pia haisahauliwi.

Na huu ndio mtego niliousema. Mtindo mpya wa kuhesabu unaweza kuificha lugha iliyoanguka, wastani ukapendeza, mzazi akashona suti. Lakini kozi ikija kuuliza lugha, inaiangalia ile gredi halisi iliyo kwenye karatasi. Haikusahauliwa, iliwekwa kando tu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mengi ya haya huamuliwa mtoto akiwa na miaka 15 au 16, mwisho wa kidato cha pili, anapochagua masomo. Watahiniwa wengi wa KCSE hawafanyi Fizikia. Huku kwetu nimeona shule za kutwa, za wasichana hasa, ambako Fizikia huachwa darasa zima kwa sababu mwalimu wake ni mmoja, au kwa sababu inasemekana itaangusha wastani wa shule. Wastani wa shule haujaanguka, ni kweli. Lakini msichana wa pale aliyekuwa na akili ya hesabu ya kukutisha amefungiwa uhandisi wote kabla hajajua kuna kitu kinachoitwa mekatroniki. Miaka miwili baadaye baba anakuja kuuliza katofu. Katofu ya nini, mzee wangu? Mlango huo ulifungwa siku ile fomu ya masomo ilipotiwa sahihi, na sahihi ya mzazi ilikuwa chini ya ile ya mwalimu.

Sasa klasta. Chukua kalamu, mwambie mtoto alete kikokotoo.

Kila kozi imewekwa kwenye kundi, na kila kundi lina masomo manne yanayotazamwa. Manne mara 12 ni 48, hicho ndicho kilele cha klasta. Unachukua pointi za mtoto katika masomo hayo manne, unagawanya kwa 48. Unachukua pointi zake zote za masomo saba, unagawanya kwa 84. Unazidisha majibu hayo mawili, unatafuta kipeuo cha pili, kisha unazidisha kwa 48. Hiyo ndiyo kanuni wanayoitumia walimu shuleni. KUCCPS yenyewe hukokotoa kwa undani zaidi, ikitazama hata alama zilizo nyuma ya gredi, ndiyo maana pointi zao huja na nukta ndefu na watoto wawili wenye gredi zile zile wakatofautiana kidogo. Lakini kanuni ya shuleni inatosha kukuonyesha njia.

Tuseme kuna watoto wawili wa kijiji kimoja, wote B, wote pointi 60. Wa kwanza ana Hisabati A-, Fizikia B+, Kemia B+, Biolojia B. Hizo ni 11, 10, 10 na 9, jumla 40. Lugha zote mbili ana C+, na Jiografia C. Klasta yake ya uhandisi, kwa yale manne ya kwanza, ni kama 37. Wa pili ana Hisabati C+, Fizikia C+, Kemia B- na Biolojia B-, jumla 30, lakini Kiingereza, Kiswahili na Jiografia zote ana B+. Klasta yake ya uhandisi, kwa manne yale yale, ni kama 32. B ile ile, pointi 60 zile zile, na tofauti ya 5. Katika foleni hii, pointi 5 za klasta ni umbali mkubwa sana.

Msimwonee huruma wa pili bado. Mpeleke kwenye sheria: chukua lugha moja, Jiografia, na sayansi mbili zake, utapata 36, na klasta ya kama 35. B ya lugha anayo, tena ana zaidi. Na yule wa kwanza, mwenye A- ya Hisabati? Sheria haimtaki kabisa, kwa sababu lugha zake ni C+. Wote wawili wamefanya mtihani vizuri. Nyumbani lakini mmoja ataambiwa ameshindwa na mwenzake, kutegemea baba amelilia kozi gani.

Na mbona kipeuo, mbona wasichukue tu masomo manne? Ukichukua manne peke yake, mtoto ataacha matatu mengine yaoze. Ukichukua jumla peke yake, utampeleka kwenye uhandisi mtu aliyejaza pointi kwa Dini na Biashara. Kanuni inamtaka awe na nguvu pote pawili, na upande mmoja ukilegea unauvuta wa pili chini. Mimi naiona ni hesabu ya haki. Lawama yangu ni kwamba mtoto hufundishwa hesabu hii baada ya mtihani, wakati haiwezi tena kumsaidia kupanga masomo yake.

Haya, sasa ile nambari mnayoililia: katofu.

Nenda steji ya Nyeri alfajiri ambapo matatu ya watu 14 inajaza kwenda Nairobi. Muulize makanga, aliyepata kiti cha mwisho jana alifika saa ngapi? Atakwambia saa kumi na moja na robo. Je, hiyo ni sheria ya steji? Kesho kukiwa Jumatatu ya kufungua shule, hata wa saa kumi na nusu ataachwa. Kesho kutwa kukinyesha, wa saa kumi na mbili atakaa dirishani. Makanga hakupanga saa. Alihesabu viti, na watu ndio waliopanga saa kwa kuja.

Katofu ni hiyo tu. Ni pointi za klasta za mtu wa mwisho aliyewekwa kwenye kozi hiyo, katika chuo hicho, mwaka uliopita. Kozi ikiwa na nafasi 60 na waombaji 800, wanapangwa kutoka juu, wa 60 akipata kiti, pointi zake ndizo zinazochapishwa. Mwaka unaofuata chuo kikiongeza nafasi, katofu inashuka bila watoto kuwa wajinga. Kozi ikivuma, inapanda bila walimu kubadilika. Na kozi ambayo haikujaa haina katofu ya maana: kila aliyetimiza masharti aliingia.

Kwa hivyo nawaambia mnaozunguka na karatasi ya katofu mkifikiri ni amri: kinachofanana na amri ni C+ na yale masharti ya somo. Hayo hayajui mvua wala jua. Lakini watu hufanya kinyume. Mtoto aliyepungukiwa na nukta chache za katofu ya mwaka jana anakata tamaa asiombe, wakati angeweza kuipata. Na mtoto asiye na C+ ya Kemia anaambiwa na shangazi "jaribu tu, Mungu ni mkubwa", anapoteza chaguo zima. Mungu ni mkubwa, ndiyo, lakini kompyuta ya KUCCPS humwondoa asiye na somo hata kabla ya kuangalia pointi.

Kuna pia suala la mahali. Kozi moja, yenye jina lile lile, huwa na katofu tofauti chuo hadi chuo, na wengi hudhani tofauti hiyo ni ya ubora wa masomo. Mara nyingi ni ya watu kukimbilia Nairobi. Hebu tuhesabu vilivyo karibu nasi. Dedan Kimathi hapo Nyeri, iliyoanza kama taasisi ya ufundi ya mwaka 1972 kwa harambee ya wananchi, ilipewa hati yake ya chuo kikuu Desemba 2012. Karatina, Chuka, Meru na Laikipia zikafuata mwaka 2013. Embu, Kirinyaga na Murang'a zikapata zao 2016. Yaani ndani ya miaka minne mlima wetu ulizungukwa na vyuo vikuu vya umma, na bado kuna kijana wa Mathira anayeandika kozi ileile ya Nairobi katika nafasi ya kwanza kwa sababu anataka kutoka kwao. Simlaumu, nami nilikuwa kijana. Lakini kama pointi zake ziko ukingoni, afahamu anagombania kiti na nchi nzima, wakati kiti kama hicho kipo mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani. Dedan Kimathi kuna kampuni inayotengeneza vifaa vya semikondakta ndani ya bustani ya sayansi ya chuo. Si kila mtu Nairobi anaweza kusema hivyo.

Jambo la saiba, yale maduka ya intaneti, nilitaje upesi. Tovuti ya KUCCPS ikifunguliwa, mtoto huingia kwa nambari yake ya mtihani, na ndani atakuta pointi zake za kila klasta zimeshakokotolewa. Bure. Ada ya kutuma ombi ni shilingi 1,500, inalipwa kwa simu. Mtu wa saiba anastahili pesa ya intaneti na ya kuchapisha, hilo halina ubishi. Hastahili kulipwa "kukokotoa klasta", na zaidi ya yote hastahili kumchagulia mtoto kozi huku foleni ikimsukuma mgongoni. Msimwachie nywila. Kaeni nyumbani kwanza, mtoto, mzazi na kipande cha karatasi, pangeni machaguo, andikeni nambari ya kila kozi, kisha ndipo mteremke mjini. Chaguo la kwanza liwe lile mnalolitaka hata kama katofu ya mwaka jana iliwapita kidogo. Chaguo la mwisho liwe lile ambalo pointi zenu zinalizidi waziwazi, na ambalo mtoto hatalia akipangiwa. Nimeona watoto wakijaza chaguo la mwisho kwa dharau, kisha barua ikaja na hilo hilo.

Kwa wale ambao watoto wao ni wa kundi lililoingia sekondari ya juu, Gredi ya 10, Januari 2026, msikae mkisema haya hayawahusu. KCSE ya mwisho ni 2027, ni kweli, na wenu watakuja na mfumo wao. Lakini wao wameshachagua mkondo: sayansi na uhandisi, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Ile fomu ya masomo ya kidato cha pili imebadilisha jina tu. Kamuulizeni mwalimu leo, mchanganyiko huu wa masomo unamfungia kozi gani.

Nimalizie na mama wa Mweiga aliyeandika jana. Binti yake ana C+ ya pointi 47, anataka uuguzi wa shahada, ana Biolojia B- lakini Kemia ni C. Anauliza kama arudie kidato cha nne. Mama, ulichoandikiwa na jirani kwamba pointi ni chache si sahihi. Pointi 47 zinatosha kizingiti. Kilichomzuia ni Kemia, kwa sababu uuguzi wa shahada unataka C+ katika masomo yake ya msingi. Kurudia mwaka mzima, karo nzima, ili kusogeza gredi ya somo moja, mimi nisingekimbilia huko kwanza. Diploma ya uuguzi kule KMTC, chuo cha mafunzo ya utabibu, inaanzia C ya wastani, na kampasi iko hapo Nyeri mjini. Muuguzi mwenye diploma hufanya kazi, na akitaka shahada huiendea baadaye akiwa na mshahara. Aangalie masharti ya masomo ya KMTC mwenyewe, mstari kwa mstari, kabla ya kulipa chochote. Akisharidhika, aombe mapema.

Swali lake la pili, la karo na mikopo, na mbona chuo hufungua kabla bonasi ya majani chai ya Oktoba haijaingia, tutaliongea Alhamisi ijayo. Njooni na barua za uteuzi zenye gharama ya kozi, maana nitataka kuzisoma nanyi.